Malisho Safi

Ng'ombe wangu nimewapata kwa mgongo. Nilibeba magunia ya dagaa bandarini Kibirizi mpaka nikanunua ndama wa kwanza, na shule niliishia darasa la pili. Kwa hiyo kamati ya kijiji chetu, huku Mwamgongo, iliposema mlima utafungwa kwa sababu ng'ombe wanamaliza majani, niliwajibu: leteni mtu apime. Mlima ukifungwa nauza wote, maana pengine pa kulishia sina.

Akaja afisa mifugo, mama aliyehamishiwa kwetu kutoka Njombe. Nilimpeleka kwanza pale ninapowawekea ng'ombe chumvi, mahali ninapopaonea fahari. Nyasi fupi, zimelala kama mkeka, huoni kichaka.

"Safi," nikamwambia.

Akaweka chini fremu ya mbao, akapiga magoti na kuchambua majani yaliyo ndani yake. "Mzee, humu kuna aina tatu tu. Na hii moja ng'ombe hawaigusi."

"Lakini ni safi."

Dada yangu mkubwa, aliyetufuata kuchuma dawa ya tumbo, akacheka. "Huyu anafuga kama anafagia uwanja. Dawa yangu ameifagia pia."

Alisema kweli, na mimi mtu akisema kweli huwa nanyamaza.

Nikampeleka afisa makaburini, ambako ng'ombe hawajaingia miaka mingi. Nyasi zilimfika kifuani, ndefu, za aina moja. Alipozifunua, chini palikuwa na giza na majani makavu. Dada akatafuta, akatoka mikono mitupu. Hapo nikapata nguvu: hata pasipo ng'ombe dawa haipo. Tukapanda ukingoni mwa mlima, ambako ng'ombe wangu hula siku chache tu baada ya mvua kisha huhama. Fremu ileile, mahali pa kutosha miguu miwili tu, dada akaanza kutaja mimea kwa Kiha, lugha yetu, mmoja mmoja: wa tumbo, wa jicho, wa kufukiza mizinga ya nyuki, wa mboga. Afisa akajaza ukurasa wa daftari, akageuza.

Kwenye mkutano nilisimama mwenyewe. "Pale pa chumvi nimeharibu mimi, si mvua. Lakini nendeni makaburini mkaone kufunga kunavyofanya."

"Mzee leo unakiri?" akauliza mwenyekiti.

"Nakiri pa chumvi. Mlima sikiri."

Watu wakacheka, afisa akasoma daftari lake, wakakubaliana: mlima usifungwe, pale pa chumvi papumzike, ng'ombe wapande kwa zamu, wasikae mahali pamoja mpaka pachakae.

"Na nani atasema wakati wa kuhama umefika?" mwenyekiti akauliza. "Maana wewe hujui kuhama."

Wakamchagua dada yangu. Nilibisha, nikashindwa.

Sasa kabla ya kufungua zizi nampitia mlangoni. "Shikamoo dada. Leo wapi?" Huwa ameshapanda mlimani na kurudi, kanga imelowa umande mpaka magotini. Akisema hama, nahama. Maziwa hayajapungua. Hilo sijamwambia.