Semina ya Haki Msimu wa Kuamia Ndege

Katikati ya miaka ya tisini niliondoka Dar es Salaam kwenda kuwapa wanawake wa Bonde la Kilombero haki zao. Nasema kuwapa, maana ndivyo tulivyoandika kwenye mpango kazi, utadhani haki zilikuwa stoo kwetu. Nilikuwa mkurugenzi wa shirika dogo lenye jina refu, na nilitaka ripoti ya kumfurahisha mfadhili.

Jumatatu alfajiri nilipanda basi na boksi mbili za fulana zilizoandikwa "Usawa Sasa". Tulipopita Mang'ula, mama niliyekaa naye aliniuliza ninakokwenda.

"Mchombe, kuendesha semina ya wanawake. Siku mbili."

"Mwezi huu?"

"Mwezi huu."

"Haya," akasema, akageukia dirishani. Nilidhani amevutiwa.

Jumanne saa tatu asubuhi nilikuwa Mchombe, kwenye darasa la shule, na madawati yalikuwa matupu. Mashambani kulikuwa na makelele kila upande. Mwenyekiti wa kijiji alinieleza kwamba mpunga umetoa masuke na watu wanaamia: wanakaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, tangu alfajiri hadi jua lizame, wakifukuza ndege kwa kombeo na sauti. Nikamwambia mimi nimetoka mbali na ninahitaji wanawake arobaini. Akatuma mgambo. Ndivyo wanawake wa Mchombe walivyosombwa na mgambo kuja kufundishwa uhuru wao, nami nikawapokea kwa makofi.

Mstari wa mbele alikaa mjane aliyeitwa Mama Sabina. Hakuacha kuchungulia nje. Nilimuuliza, "Mama, haki ya mwanamke ni nini?"

"Kurudi shambani."

Nikafurahi mno. Nikaandika "haki ya ardhi" kwa kalamu nyekundu, nikamtaka asimame tupige picha. Aliomba ruhusa mara mbili. Mara zote mbili nilimwambia asubiri kidogo.

Saa kumi jioni niliwaachia. Haukupita muda Mama Sabina akarudi anahema, fulana ya "Usawa Sasa" mwilini.

"Shemeji yangu yuko juu ya dungu langu," alisema. "Baraza la wazee lilisema nikiliamia mimi mwenyewe shamba la marehemu mume wangu mpaka mavuno, ni langu. Nikiliacha hata siku moja, ni lake. Leo nimeliacha."

Jioni hiyo hiyo niliandamana naye kwa wazee, wakasema watatusikiliza asubuhi.

Jumatano asubuhi baraza lilikaa. Mwenyekiti alinivuta pembeni kabla hatujaingia. "Mama mkurugenzi, sema walikuja kwa hiari. Habari ya mgambo, mimi itaniharibia, na mfadhili wako naye hataipenda." Alikuwa ananijua vizuri kwa mtu tuliyekutana naye jana yake tu. Nakiri niliifikiria ripoti. Niliifikiria kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Shemeji alijieleza kwa ufupi: shamba lilikuwa tupu, ndege wanashuka, akapanda dunguni. Mzee aliyeongoza baraza akamgeukia mjane. "Nani alikutoa shambani?"

Mama Sabina akanitazama.

"Shikamooni wazee," nikasema. "Ni mimi. Nilitaka watu, mgambo akatumwa, na huyu mama akaletwa. Aliomba ruhusa ya kurudi mara mbili, nikamkatalia."

"Semina yenyewe ilihusu nini?" mzee akauliza.

"Haki ya mwanamke kumiliki shamba."

Walicheka, wazee wale, hadi mmoja akajifuta machozi. Walipotulia walisema mtu aliyeondolewa kwa amri hajaacha shamba, na shemeji akaambiwa ashuke. Mama Sabina hakunishukuru. Alikaza kanga kiunoni akaondoka mbio, maana jua lilikuwa limeshapanda na ndege hawangoji hukumu.

Mwenyekiti, bado amenuna, aliniuliza kama atume tena mgambo kwa siku ya pili. Nilimwambia asithubutu. Nilikaa peke yangu darasani hadi saa nane, nikisikiliza wanawake wakipiga kelele mashambani, kisha nikafungasha.

Alhamisi nilirudi Dar. Niliandika ripoti yote, na mgambo nikamtaja. Kwa siku ya pili ya semina, kwenye nafasi ya waliohudhuria, niliandika: hakuna, wako mashambani mwao. Mfadhili aliuliza kwa barua kama siku hiyo ilishindikana. Nilimjibu kwamba katika kazi yangu yote ya kutetea haki, hiyo ndiyo siku ambayo sikumzuia mtu yeyote kuipata.