Moto Ulipofika Msituni

Juzi binti yangu alikuwa akipaka rangi ramani ya uoto wa asili: njano kwa savana, kijani kwa msitu wa mvua. Nikaukumbuka mchana ule wa utotoni, kwenye mteremko wa mlima juu ya kijiji cha Bigwa, mjomba alipochoma shamba, upepo ukamshinda.

Nyasi zilipasuka kama bisi. Mbuzi wa jirani waliungua wakiwa wamefungwa kamba. Kilio chao nilidhani ni cha watoto. Harufu ya manyoya ilikuwa bado hewani wanaume walipomvamia mjomba kwa mipini ya majembe.

"Mwacheni! Mtaniulia mwanangu!" bibi alilia, akajilaza juu yake. Mipini haikusimama mara moja.

Moto ulipanda mpaka kwenye miti mikubwa, ukafa wenyewe. Niliamini mizimu ya msitu ndiyo iliyouzima, nikaichukia kwa kutoshuka kumwokoa mjomba. Leo najua kule juu mvua haikatiki, majani hayakauki. Nyasi za chini ndizo hukauka kila kiangazi.

Mjomba alipona. Bibi alitembea ameinama tangu siku ile, nami miaka yote nilidhani ni uzee.