Samaki Hawakaangwi Wiki Hii

Siku yangu ya kwanza kazini, mtaa wa Laini Saba, nilikabidhiwa begi la kitambaa, daftari na kipimajoto. Sista msimamizi wa zahanati, mama mfupi asiyecheka ovyo, alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Musyoka, ukiingia kwa mtu, nusa kwanza. Maswali baadaye."

Nikadhani ananitania. Mimi nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, yaani wa kutembelea wagonjwa nyumba kwa nyumba, si mbwa wa polisi.

Baadaye nilihamishiwa Mashimoni, kisha Kawangware, na huko ndiko nilikokutana na kemo. Hiyo ni dawa kali ya saratani inayopitishwa mshipani kwa dripu, kwa mizunguko: unapewa, unapumzika majuma kadhaa, unarudi. Haichagui sana. Inapiga saratani, na nywele, mdomo na tumbo navyo vinaipata. Kazi yangu ilikuwa kuwasaidia watu kuishi nayo nyumbani: kijiko cha plastiki kwa anayeonja chuma katika kila mlo, na homa ikipanda, hospitali papo hapo, hakuna kungoja kesho.

Mama Wambua, fundi wa cherehani kutoka Kitui, alikuwa amemaliza mizunguko miwili kati ya sita. Nilimkuta amejikunja kitandani, ndoo kando.

"Daktari, mimi nimeachia hapo," akasema. Wote waliniita daktari, nami sikuwa na haraka ya kuwasahihisha. "Hii kutapika itanimaliza kabla ya saratani."

Niliogopa kwelikweli, maana nilishawazika walioachia katikati. Kesho yake nikamletea supu ya mifupa niliyoipika mwenyewe, nzito, yenye kitunguu saumu cha kutosha harusi. Nikaifunua mbele yake kwa madaha. Akatapikia viatu vyangu.

Msimamizi wangu wa Kawangware alicheka mpaka akavua miwani. "Vidonge vya kichefuchefu anameza?"

"Anameza."

"Basi rudi ujue ni nini kinamchokoza. Na supu uache."

Nilirudi jioni, na pale mlangoni nikamkumbuka yule Sista. Nikanusa. Viatu nilikuwa nimeviosha, kwa hiyo si mimi. Ilikuwa samaki. Ukuta wa mabati tu ulimtenga Mama Wambua na jirani yake, Mama Akinyi, aliyekaanga samaki wa kuuza pale koridoni kila jioni. Harufu ya mafuta iliingia mle ndani kama mpangaji wa pili.

"Mbona hukusema?"

"Nitamwambia aje? Hiyo ndiyo kazi yake. Na si ndiye hunifulia nguo?"

Nikaenda kwa Mama Akinyi mwenyewe. Aliacha samaki waungue.

"Woi! Ni mimi namtapisha? Na ananyamaza tu? Huyu mama ni mjinga, aki!" Kisha akajifuta machozi kwa leso.

Mwenye ploti ile ya vyumba vya kupanga, mzee ambaye hajawahi kumpa mtu hata msumari wa bure, tulipomweleza alimpa Mama Akinyi nafasi ya kukaangia nje ya geti kwa kila wiki ya dripu. Akaandika kwa makaa ukutani: SAMAKI HAWAKAANGWI WIKI HII. VITUNGUU PIA.

"Sasa tukule hewa, mzee?" akalalamika mpangaji mmoja.

"Chemsha," mzee akajibu, akaenda zake.

Mama Wambua akaanza kumudu uji uliopoa na viazi vitamu baridi. Alitapika bado, lakini si kila siku. Akaenda mzunguko wa tatu, wa nne, hadi wa sita. Majuma kadhaa baada ya hapo nilimkuta ameketi koridoni, kitambaa kichwani, akipiga kelele kuelekea getini: "Mama Akinyi! Rudisha hiyo karai hapa, nimechoka na viazi!"

Nimestaafu sasa, begi nimelirudisha. Vijana mnaoingia kazi hii mna simu za kila namna, nami siwaonei wivu, ila pua msiziache nyumbani. Jumamosi moja moja hupita Kawangware kumjulia hali Mama Wambua. Nikifika getini husimama kwanza, nikanusa. Samaki wakinukia kutoka kule ndani koridoni, moyo wangu hutulia hata kabla sijabisha hodi.