Nusu Kaputi

Uvimbe wa dada yangu ulianza kama maumivu ya jino. Tulitia karafuu, jino likang'olewa, lakini taya likazidi kufura mpaka jicho likaanza kufumba. Nairobi walitutajia gharama ya upasuaji, nikawashukuru, tukarudi kwetu Kola. Ndipo jirani akatuambia watu huvuka mpaka wa Namanga kwenda Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ambayo hata mkulima anaimudu.

Dada yangu alikubali kwa sharti moja: asilazwe usingizi. Mama yetu aliingia thieta akiongea vizuri, akadungwa sindano ya usingizi, hakuamka tena. Mimi ndiye mkubwa, niliyeacha shule darasa la saba ili kulea wadogo zangu. Nikamwahidi.

Moshi, daktari aliongea Kiswahili cha haraka, laini. Nikamwambia kwamba dada yangu anaogopa usingizi. Akanijibu, "Usihofu, kaka. Tutampiga nusu kaputi tu. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Niliona aibu kuuliza. Kwetu kabuti ni koti zito la baridi, na sisi Wakamba b na p hutuchanganya hata tukiwa tumetulia. Nikatia sahihi palipoandikwa mzazi.

"Watakuvalisha koti nusu," nikamwambia. "Huko ndani ni baridi."

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Nusu? Hata huku wameshajua hatuna kitu."

Akaingia.

Kwenye benchi palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akimsubiri mumewe. Akaniuliza mgonjwa wangu anafanyiwa nini. Nilipomweleza habari ya koti, aliniangalia kwanza aone kama natania.

"Mwanangu, hiyo si nguo. Nusu kaputi ni sindano ya usingizi. Mtu analala fofofo, hata akikatwa hajui."

Miguu ilinifikisha mlangoni kabla sijajua nitasema nini. Muuguzi akaufungua kidogo. "Kashalala, kaka. Kaa umwombee."

Sikuweza kuomba. Kila nilipofumba macho nilimwona mama yetu akinipungia mkono. Nilijiuliza nitawaambia nini wadogo zetu nyumbani: kwamba niliona aibu kuuliza maana ya neno?

Jua lilikuwa limeshageuka upande wa pili wa ukuta nilipoitwa. Muuguzi alikuwa akimpigapiga dada yangu shavu lisilovimba, bila haraka, lakini hakutabasamu. "Anachelewa kuamka. Mwite wewe, sauti yako anaijua."

Nikamwita kwa jina. Hakusogea. Nikamwita tena kwa Kikamba, nikainama mpaka sikioni: mwanaa mwaitu, mtoto wa mama yangu, amka. Sijui niliita mara ngapi. Midomo yangu ilikuwa imekauka.

Kope zikatikisika. Jicho moja likafunguka, likazunguka dari, likanipata. Hakuweza kusema, taya lote lilikuwa limefungwa bandeji. Akainua kidole polepole, akagusa kope yake, akaifumba kama mtu aliyelala, kisha akanielekezea mimi, kama mtu anayeuliza nyumbani nani amevunja kikombe.

"Ni mimi," nikasema. "Sikuuliza."