Oili Chafu Juu ya Maneno ya Bibi

Kinyaa kilinishika kabla sijavuka kizingiti. Stoo ya mafaili ya baraza la zamani, huku kwetu Iramba, ilinuka mavi ya popo na kitu kingine kizito ambacho sikukitarajia humo: ilinuka gereji.

Nilikwenda kuchukua maneno ya bibi yangu, mzaa mama. Alipofiwa na mumewe, ukoo ulitaka arithiwe na shemeji yake. Akakataa. Akaenda barazani na mama yangu mgongoni, akajieleza mwenyewe, karani akaandika. Alifariki mama hajajua kuongea. Picha yake hakuna. Lilibaki faili tu, na mama, ambaye macho yake sasa yamefifia, alinituma kutoka Kinampanda: "Niletee alichosema, kabla sijamfuata."

"Shikamoo, baba," nilimwamkia mtunza stoo.

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Humu mchwa hawajaonja hata karatasi moja."

Alisema kwa majivuno, akanionyesha dumu. Kila mwaka huagiza oili chafu kwa mafundi wa malori pale Shelui. Sisi sote hupaka oili hiyo kwenye nguzo za nyumba ili zisiliwe, naye akaona kinachofaa nguzo kinafaa na karatasi. Alimimina rafu baada ya rafu. Mchwa walikimbia kweli, na maandishi yakaenda nao.

Faili la bibi lilikuwa limegandamana. Nilipolibandua, uchafu mweusi ulinichuruzika hadi viwikoni, na manyoya ya panya yakaninata vidoleni. Nilitaka kumzaba kibao mzee wa watu, aliyesimama pale akisubiri nimsifu. Nikasema ahsante. Mpaka leo najichukia kwa ile ahsante.

Nyumbani niliosha mikono mara tatu kwa sabuni ya unga, harufu ikagoma kutoka. Mama alikuwa ameketi mkekani, amevaa kitenge chake kipya kama anayepokea mgeni. Nilifungua daftari nililonakilia yote yaliyosomeka, nikamsomea.

"Ameitwa mjane wa marehemu. Amesimama, ana mtoto mgongoni. Anasema..." Daftari liliishia hapo; yaliyofuata oili ilikuwa imeyafuta.

Mama alifumba macho, akanisogezea sikio.

"Haya," akasema, "endelea."