Vijiatu Mia Nne vya Hamira na Wenzake

Saa kumi na mbili asubuhi kijiji cha Nunaqaq, kaskazini ya mbali kwenye nchi ya barafu, bado kiko gizani, na giza hilo halina haraka ya kuondoka kabla ya saa tano. Fekla Kameroff anakoroga uji wa mbwa kwenye pipa: mchele, mafuta, vichwa vya samaki na chakula cha gunia kidogo tu, maana hicho ndicho ghali. Mbwa kumi wanabweka na kuruka kwenye minyororo yao. Wa kumi na moja ametulia juu ya paa la kibanda chake, anamtazama bila papara.

"Huyo ndiye Hamira," anasema Fekla. "Mtu mzima hapigi kelele. Anajua zamu yake itafika."

Fekla ana miaka arobaini na sita na ni mpishi wa shule, ndiyo maana mbwa wake wote wana majina ya jikoni. Kuna Chumvi, kuna Siagi, kuna Mwiko ambaye ni mwembamba kweli kweli. Hamira ana miaka tisa, na kwa miaka saba ndiye aliyewatangulia wenzake kwenye kamba za kuvuta sleji, gari la theluji lisilo na magurudumu. Mbwa wa mbio akifika umri huo anastaafu. Kwa hiyo mbio za mtoni za Januari hii, maili mia mbili na themanini juu ya barafu, ni za mwisho kwake, na Fekla na mbwa wake hawajaonekana kwenye mstari wa kuanzia kwa miaka minne.

Sababu ni gharama. Mara ya mwisho Fekla alilipa kiingilio cha dola mia tatu. Mwaka huu ni mia saba. Zamani samoni wa kukausha ndiye aliyelisha mbwa wa mto huu, lakini samaki wamepungua na nyavu zimezuiwa, hivyo chakula kinaletwa kwa ndege. Gunia la dola hamsini na tano likitua Nunaqaq limeshakuwa la dola mia moja na kumi. Mshahara wa Fekla ni dola elfu moja na mia tisa kwa mwezi, nao anaugawana na watoto watatu wanaokula kama mbwa.

Binamu yake Zakar, fundi wa pikipiki za theluji, hamwachi apumue. Kule, mabinamu wameumbiwa utani, na Zakar hajawahi kuikosa kazi hiyo hata siku moja.

"Binamu, mashine yangu nikiizima haili," humwambia. "Wako wanakula hata wakilala."

"Yako ikiharibika katikati ya mto unarudi kwa miguu," hujibu Fekla. "Na nani huja kukuchukua? Mwiko."

Kiingilio alikilipa kwa kuuza sleji yake ya pili. Chakula alikidunduliza tangu Agosti. Kilichomshinda ni vijiatu. Barafu hukata nyayo, kwa hiyo kila mbwa huvalishwa vifuko vinne vya kitambaa, na vinachakaa upesi. Safari nzima inataka vijiatu mia nne, na kimoja dukani ni dola mbili na nusu.

Shangazi yake, Elena Wassillie, mwenye miaka sabini na mmoja, alisikia hayo. Aliwakusanya wanawake tisa katika ukumbi wa kanisa, wakashona wiki tatu. Walimkabidhi Fekla vijiatu mia nne ndani ya maboksi ya maziwa, mishono imenyooka, na kila kimoja kimetiwa bitana ya manyoya ya sungura, kama viatu vya mtoto mchanga.

"Nililia," anasema Fekla. "Kisha nikaingiza kidole ndani, nikalia tena kwa sababu nyingine."

Kwani mbwa hutoka jasho nyayoni. Jumamosi aliwajaribisha Siagi na Chumvi kwa maili nne. Manyoya yalilowa, yakaganda, na Siagi alirudi akichechemea. Vijiatu vya bitana havifai kwa mbio, basi. Na magunia ya vifaa, ya kutangulizwa kwenye vituo vya mapumziko njiani, yalikuwa yaondoke na ndege ya Ijumaa.

Mwingine angesema wazi siku hiyo hiyo. Nunaqaq mtu hakosoi zawadi, maana ni kumwaibisha aliyetoa. Fekla alijifungia na mkasi akaanza kufumua bitana peke yake. Jumapili vijiatu thelathini. Jumatatu thelathini. Vilibaki mia tatu na arobaini, na siku zilibaki tatu. Hapo alianza kufikiria kumpigia mwandaaji wa mbio na kujiondoa, kiingilio kiende na maji.

Jumanne alikwenda kwa shangazi yake na kijiatu kimoja mfukoni, akakiweka mezani, akashindwa kuanza. Bibi Elena alimmiminia chai kwanza.

"Vinaganda," akasema mwenyewe.

"Vinaganda, shangazi."

"Nilijua, mwanangu. Babu yako aliwavalisha mbwa wake ngozi tupu, hakuna kitu ndani. Nilijua kabisa." Akakigeuzageuza kijiatu mkononi. "Ila nilimwona Hamira amelala nje kwenye baridi ile, mzee mwenzangu, nikamwonea huruma. Wenzangu wakaona mimi natia bitana, nao wakatia."

Fekla anasema hajawahi kumpenda shangazi yake kama dakika ile, ingawa alitamani pia kumfinya.

Jumatano ukumbi ulijaa tena. Wanawake walifumua walichoshona, wakilaumiana kwa vicheko nani alianza, na Zakar aliyepita kuchungulia alipewa mkasi akakaa mpaka akaota malengelenge. Alhamisi jioni boksi la mwisho lilifungwa. Ndege iliondoka na magunia yote.

Mbio ni Jumamosi ijayo. Fekla hajidanganyi. Kuna wenye mbwa sitini na wafadhili wenye nembo, na yeye miaka minne iliyopita alikuwa wa kumi na moja. Kinachomnyima usingizi ni maili za mwisho, kwa kuwa miguu ya Hamira haitabiriki tena. Sheria inamruhusu kumwacha kituoni akichoka, arudishwe nyumbani kwa ndege. Ameshamwambia mwandaaji kwamba Hamira haachwi kituo chochote.

Sheria hiyo hiyo inaruhusu mbwa kubebwa kwenye sleji. Fekla amepunguza mizigo yake, ametoa hata jiko la akiba, na mbele ya sleji ameacha nafasi ya kumtosha mbwa mmoja.

"Atatangulia mpaka atakapochoka," anasema, akimmiminia Hamira uji wake. "Akichoka, atapanda. Amenivuta miaka saba huyu. Nitaingia mjini, mwisho wa mbio, namvuta yeye."