Kambare wa Harusi ya Nyanjige

Mimi Mayige wa Lagangabilili ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu kuchunga samaki. Wenzangu wanafuga samaki. Mimi niliwachunga, na hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Bwawa nililichimba kwa sababu ya ubahili, nisidanganye. Binti yangu Nyanjige alikuwa amechumbiwa Kiloleli, kule Busega. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaingia zizini, na mke wangu Milembe akaanza kuniuliza siku ya harusi wageni watakula nini. Kila akiuliza, macho yake yako kwa maksai wangu mwekundu. Yule maksai nilimpenda jamani. Akivuta jembe, majirani wanaacha kazi zao wamtazame. Nikaona heri nitoboe ardhi kuliko kumtoboa yeye, nikatangaza mbele za watu kwamba harusi ya Nyanjige italiwa samaki wa kwangu mwenyewe.

Bibi samaki wa kata, yaani afisa wetu wa ufugaji wa samaki, Kabula, alinishauri nifuge kambare.

"Huyu ni wa mito yetu hii hii, mzee," alisema. "Maji ya tope anaishi, mashudu ya pamba anakula. Ila ana tabia moja: mkubwa anamla mdogo. Kwa hiyo uwe unawatenga, wakubwa kwao, wadogo kwao. Na ukitaka mboga, anza kutoa wakubwa."

Nikaitikia kwa heshima zote, huku moyoni nikimhurumia. Binti wa watu hajui mifugo! Nani asiyejua kwamba ukipatwa na shida unatoa mnyama dhaifu, na wale wazuri unawaacha wapendezeshe zizi? Tangu enzi za babu hatujawahi kutoa ng'ombe mzuri tukiwa na akili timamu. Basi Milembe akitaka mboga, nilivua vidogo. Wakubwa niliwarudisha majini kwa mikono miwili, taratibu, wasije wakaumia.

Jioni nilikaa ukingoni nikiwapigia mluzi. Wakipanda juu kuvuta hewa, naona vichwa vipana na masharubu kama ya shemeji yangu, nami najisikia tajiri. Kadiri siku zilivyokwenda vichwa vilizidi ukubwa na vilizidi kupungua. Kupungua sikukuona. Jirani akipita namwambia kundi limetulia.

"Baba Nyanjige," Milembe aliniuliza, "mbona siku hizi wavu unatoka mtupu?"

"Wameerevuka," nikamjibu.

Siku moja kabla ya harusi wakwe wakafika. Hawa ni watu wa ziwani, wameanza kula samaki kabla hawajaota meno, na wote wakateremka bwawani kuona mavuno. Tukafungua maji. Maji yakaenda, yakaenda, likabaki tope, na ndani ya tope kambare watatu, kila mmoja mnene kuliko paja langu. Tukasubiri wengine watokeze. Hakutokea hata mmoja.

Mzee Yakobo, baba wa bwana harusi, akainama, akachungulia kila kona. "Mkwe, wengine wako wapi?"

"Humo humo," nikasema, nikamwonyesha matumbo ya wale watatu.

Alicheka mpaka akakaa chini. Wakwe wote wakacheka, na Milembe, ambaye ndiye angesimama kesho mbele ya wageni na sufuria tupu, akajitwika beseni lake tupu akarudi nyumbani. Hilo ndilo lililoniuma. Nikaenda zizini mwenyewe kumfungua maksai. Alinifuata bila ubishi, kama tunakwenda shambani.

Asubuhi tulikuwa tunachuna ngozi Nyanjige alipowatoroka shangazi zake akaja uani. Akasimama akaiangalia ile ngozi nyekundu. Nikajiandaa kuchekwa, maana kijiji kizima kilikuwa kimeshaanza.

"Baba," akasema, "umenichinjia huyu?"

"Samaki wamekwisha, mwanangu."

Wala hakusikia. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mimi nilikuwa nawaona ng'ombe wa mahari yangu wakipita kwenda kunywa maji, na wewe uko bwawani. Nikasema basi, wote hao wameletwa kwa ajili yangu, na baba haoni hata mmoja wa kunichinjia. Nilikuwa nalia, baba. Muulize mama."

Niliona aibu ambayo wakwe wote wa Kiloleli wasingeweza kunipa. Ukweli ulikuwa mdomoni: kwamba hata leo asingechinjiwa kitu kama wale kambare wasingekuwa wamelana.

Akanishika mkono wangu uliojaa damu ya maksai. "Wabeja, baba," akasema. "Wabeja sana."

Nikazipokea shukrani zake.